Moto wa Jumanne

Ghati alibandika maharage Jumatano kabla jua halijapanda, na hadi anayaepua alikuwa ameulizwa mara sita kama yameiva.

"Yameiva, Mama Esta?"

"Maharage si uji, Baba Esta. Yakiiva nitakuita."

"Nauliza tu. Friji limeshapoa. Nililiwasha jana asubuhi, sasa hivi ukiweka mkono ndani utautoa mbio."

"Basi likae na ubaridi wake, na mimi niache na moshi wangu."

Nashoni hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa jiko, kitambaa begani, kama alivyokuwa akisimama miaka tisa katika jiko la bwana mmoja wa mgodini. Bwana yule alirudi kwao Ulaya mwanzo wa mwaka huo wa 1957, akamwachia mpishi wake friji la mafuta ya taa. Liliteremshwa kwenye lori na vijana wanane, likawekwa chumbani penye kitanda cha Esta, na Esta akahamia kulala karibu na magunia. Tangu siku hiyo taa ya nyumba ilizimwa mapema, kwa sababu mafuta yaliyofuatwa kwa baiskeli hadi Bomani yalinywewa na lile sanduku kila lilipowashwa.

"Bibi wa mgodini," Nashoni alisema, "alikuwa anapikisha maharage siku moja. Siku moja tu! Tunayagandisha, tunayala wiki mbili. Wewe kila Ijumaa unafukua majivu kama kuku."

Ghati alikoroga chungu bila kugeuka. Maneno hayo aliyajua mwanzo na mwisho. Aliyajua pia majivu yake. Wao walikuwa Wasabato, na katika kanisa la Kemambo jua likizama Ijumaa hakuna aliyewasha moto mpaka jua la Jumamosi lizame. Kila mwanamke alikuwa na namna yake ya kuivuka siku hiyo. Namna ya Ghati ilikuwa gogo la mgunga. Alilichoma Ijumaa alasiri, akalifukia katika majivu mengi, akakalisha chungu juu yake na kukifunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake wakitoka ibadani maharage yalikuwa bado yanatoa mvuke. Hakufundishwa na mtu. Ilimchukua miaka kujua gogo gani linakufa mapema na majivu kiasi gani yanalizima.

Lakini Sabato hii haikuwa kama nyingine. Nikodemo na mkewe Felista walikuwa wanakuja kutoka Nata kumwangalia Esta kwa ajili ya kijana wao, Magige. Wangelala kwa Mzee Filemoni, mzee wa kanisa, wangesali, halafu wangekuja kula hapa. Jumapili mbuzi angechinjwa na maneno yangesemwa. Watu wa Nata walikuwa na msemaji mmoja tu katika mambo ya ndoa, naye alikuwa mama wa kijana. Angeangalia nyumba, angeangalia chakula, na kabla ya mbuzi kuchinjwa angekuwa ameshaamua.

"Yameiva," alisema Ghati.

Nashoni akaingia kazini, na kwa kweli kazi aliijua. Alisubiri maharage yapoe kabisa. Aliyapima katika makopo manne makubwa ya maziwa ya unga, akaacha nafasi ya vidole viwili juu.

"Usijaze mpaka mdomoni," alimwambia Esta. "Maji yakiganda huvimba, hupasua kopo."

Kisha akayapanga kwenye kile kichumba kidogo cha barafu, akafunga mlango, akafunga na kufuli, akauvaa ufunguo shingoni.

"Sasa ufunguo wa nini?" aliuliza Ghati.

"Mkifungua-fungua, baridi inatoroka."

"Inatoroka inakwenda wapi?"

Nashoni aliutumbukiza ufunguo ndani ya shati.

*

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mchana ilikatika, lakini mawingu yalibaki yamekaa juu ya vilima, na ua ukawa tope. Ghati alichemsha viazi vitamu, akavifunga katika majani ya mgomba na kuvipanga kapuni, kwa maana viazi baridi havimwaibishi mtu. Togwa alishalitia kibuyuni. Akaenda mtoni na mtungi. Gogo lake la mgunga lilikuwa limeshashika moto vizuri, jekundu pande zote; aliliacha likijiandaa.

Aliporudi, jiko lilikuwa limefagiwa. Mafiga matatu yalikuwa yamekaa juu ya udongo mtupu, safi kama meza.

"Esta! Majivu yangu yako wapi?"

Esta alitoka nje na ungo mikononi. "Baba amesema tuyamwage njiani, Mama. Wageni wasikanyage tope."

"Na gogo?"

"Tumelizima. Tumelitupa kule."

Ghati alitua mtungi polepole, asije akauvunja. Njia ya kuingilia uani ilikuwa imekuwa ya kijivu, nzuri, kavu, na mumewe alikuwa anaikanyaga huku na huku kuijaribu.

"Baba Esta."

"Naam. Umeona? Watapita hapa kama watu wa mjini."

"Maharage yatapata moto wapi kesho?"

"Moto wa nini? Yameshapikwa."

"Yameshapikwa yakawa mawe! Fungua hilo sanduku uyatoe sasa hivi, yalale nje. Angalau wayakute yameyeyuka."

"Nikiyatoa sasa wataona nini?" Nashoni alishusha sauti, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wakubwa. "Maharage kila nyumba yapo. Nataka wayaone yakiwa barafu. Nataka Mzee Nikodemo ayaguse kwa mkono wake. Halafu tunayaanika, saa mbili za jua, mchuzi."

"Jua lipi?"

Wote wawili wakatazama juu. Hapakuwa na jua la kutazama.

"Vua huo ufunguo, shingo lako lipumzike," alisema Ghati. "Nipe mimi."

"Mama Esta, mimi nimekaa na vitu hivi miaka tisa."

"Na mimi nimekaa na wewe ishirini na moja. Nipe."

Hakumpa. Ghati akaingia jikoni, akachukua kibiriti, akavunjavunja vijiti vikavu vilivyosalia, akapiga magoti. Kuni nyingine zote zilikuwa zimelowa. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilikuwa mkononi, bado haijakwaruzwa, kiliposikika kile kipande cha chuma kinachogongwa kwa Mzee Filemoni jua likizama: ngaa, ngaa, ngaa. Jua walikuwa hawalioni, lakini Mzee Filemoni alikuwa na saa.

Ghati aliirudisha njiti ndani ya kibiriti. Akakipachika kibiriti kwenye paa, mahali pake pa siku zote, akakaa chini juu ya udongo uliofagiwa.

*

Kesho yake walitoka ibadani saa sita, pamoja na Mzee Filemoni. Wageni walipita juu ya majivu, na Nikodemo, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, akasema njia ni nzuri. Felista alimfuata nyuma. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitazama kila kitu mara moja tu. Esta alipiga magoti kidogo, akasema shikamoo kwa kila mmoja, akapita na jagi la maji na bakuli, wageni wakanawa.

Hapo ndipo Nashoni alipoingia na kopo la kwanza juu ya sinia, akitembea kama alivyofundishwa, mkono mmoja nyuma.

Alilipindua kopo. Hakikutoka kitu. Akaligonga tako. Hakikutoka kitu. Akaligonga na ngumi, kisha na kisigino cha kiatu, ndipo kipande kizima kikaanguka kwenye sinia kwa kishindo, kikaviringika, kikamfikia Mzee Filemoni magotini.

"Hiki nini?" Mzee Filemoni alijitoa nyuma.

"Maharage, Mzee."

Nikodemo alinyoosha kidole, akagusa, akakirudisha haraka. Akacheka kicheko kikubwa cha kweli. "Mama Magige, gusa! Ni mawe! Wallahi... samahani, Mzee. Ni mawe kabisa."

"Yalipikwa lini?" aliuliza Felista. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Jumatano," Nashoni alisema kwa fahari.

"Jumatano." Felista alilitazama lile pande. "Kwetu mkwe halishwi kiporo."

Ghati, aliyekuwa mlangoni, alisikia masikio yakimwaka moto.

"Hapana, mkwe, si kiporo!" Nashoni alisema. "Kiporo ni chakula kilicholala. Haya hayakulala. Yaliganda tu."

"Na sasa?"

"Sasa yanayeyuka."

Basi wakayangoja yayeyuke. Makopo yote manne yalipinduliwa juu ya sinia, sinia likawekwa uani juu ya jiwe, na Esta akasimamishwa hapo kufukuza kuku. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Wageni walikula kiazi kimoja kimoja, kwa adabu, wakiacha nafasi ya maharage. Mikono waliyonawa ikakauka. Saa saba ikapita. Nikodemo alisifu friji. Alisifu paa. Alisifu ufagio. Baadaye hakikubaki cha kusifu, tumbo lake likanguruma, na kila mtu akajifanya hakusikia.

Saa nane Esta alipita tena na jagi na bakuli. Wageni wakanawa mara ya pili.

"Tunanawa sana nyumba hii," alisema Felista.

Ghati alikwenda uani. Mapande yalikuwa yametoa jasho kidogo pembeni, basi. Nashoni alikuwa ameyainamia na panga mkononi.

"Nayapasua," alinong'ona. "Yakiwa madogo yatakwenda haraka."

Pigo la kwanza lilirusha maharage matatu na vipande vya barafu. Pigo la pili lilisikika mpaka ndani, na Mzee Filemoni akatokea mlangoni.

"Unapasua nini, mura? Leo?"

"Maharage, Mzee."

"Nimesikia panga. Watu wanaopita njiani nao wamesikia panga. Nitawaambia Mzee Nashoni anapasua maharage?"

Nashoni akaliweka panga chini.

Kutoka pale walipokuwa, moshi wa jirani yao Mwikwabe ulionekana wazi, mweupe, mzito, ukipanda kutoka kwenye jiko lisilojua Sabato. Ghati aliutazama moshi ule kama mtu anavyotazama ng'ombe wa mwenzake. Mzee Filemoni alifuata macho yake.

"Sabato iliyopita nilisema nini, Mama Esta?"

"Ulisema kuhusu wanaopeleka vyungu kwa majirani, Mzee."

"Nilisema nini?"

"Ulisema ni bora kula baridi."

"Basi," alisema Mzee Filemoni, lakini alisema bila nguvu. Yeye pia alikuwa amekula kiazi kimoja tu.

*

Ghati aliingia chumbani kwa friji, mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu wa kumtazama. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira mpaka meno yanamuuma. Alijua namna mbili za siku hii kwisha. Ya kwanza, wageni waondoke na njaa, na mpaka Jumapili jioni Nata nzima iwe inacheka nyumba iliyowanawisha wakwe mara mbili na kuwapa mawe. Ya pili, awashe moto, Mzee Filemoni aone, na Esta awe binti wa mwanamke aliyevunja Sabato mbele ya wakwe. Njia zote mbili Esta angebaki kulala karibu na magunia.

Friji lilikuwa linanong'ona kama kawaida yake. Lilikuwa limesimama juu ya vigae vilivyopangwa na Nashoni kwa siku mbili nzima, na sahani ya maji juu yake kupima kama limekaa sawa. Harufu ya mafuta ilikuwa nzito. Chini, karibu na sakafu, kupitia kitundu kidogo, ulionekana mwanga wa bluu.

Ghati aliinama akautazama. Akapiga magoti. Akatazama tena.

"Esta! Niitie baba yako."

Nashoni alikuja akijifuta mikono.

"Hili linawaka?"

"Linawaka ndiyo. Bila moto haligandishi."

"Tangu lini?"

"Si nilikwambia? Tangu Jumanne. Mafuta nilijaza jana mchana. Mama Esta, unafanya nini? Usishike hapo! Hilo ni tangi. Ukilitoa, baridi yote inakufa!"

"Ife," alisema Ghati, akalivuta tangi kwa mshikio wake. Lilitoka polepole kama droo, utambi ukiwaka juu yake ndani ya bomba lake fupi, mwali wa bluu ukayumba, ukasimama.

"Ghati!" Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Esta azaliwe. "Friji halifanyiwi hivyo! Litaharibika!"

"Shika upande huo tusilizimishe. Shika, Baba Esta, au nitalibeba peke yangu na nikijikwaa tutawaka sote."

Akashika. Walilipitisha mlango wa nyuma hadi jikoni, hatua kwa hatua, wakigombana kwa kunong'ona. Walipolitua katikati ya mafiga, Ghati aliongeza matofali mawili mawili juu ya kila figa hadi yakalizidi bomba, akakalisha sufuria kubwa hapo juu, akatia mapande manne. Mwali ulikuwa mdogo kama ua. Lakini chini ya sufuria pakaanza kusikika mlio, tsss, na Ghati akaketi.

Haukupita muda Mzee Filemoni akaufuata ule mlio. Nyuma yake alisimama Felista.

"Mama Esta," Mzee Filemoni alisema kwa huzuni. "Na wewe?"

"Sikuwasha kitu, Mzee. Kibiriti kile pale kwenye paa, hesabu njiti ukitaka. Moto huu umewashwa Jumanne."

"Jumanne?"

"Muulize mwenye friji."

Nashoni alitazama tangi lake, akatazama ufunguo kifuani. Ilikuwa wazi kwamba akisema Jumanne amelikubali jambo lote, pamoja na kifo cha baridi yake.

"Jumanne asubuhi," alisema.

Mzee Filemoni alijikuna kidevu. Aliangalia mwali, akaangalia njia ya majivu. "Ukifukia gogo la Ijumaa kwenye majivu," alisema polepole, "hatujawahi kukukataza."

"Hamjawahi."

"Hili nalo lilifukiwa. Ila lilifukiwa ndani ya... ndani ya kabati."

"Ndani ya kabati, Mzee."

"Hakuna kuongeza utambi."

"Siongezi."

"Basi." Akavuta pumzi, akanusa. "Yatachukua muda gani?"

Yalichukua mpaka saa kumi. Ghati hakuongeza utambi, na hakuondoka. Nashoni alikaa karibu naye kwenye kinu kilichopinduliwa, na kila baada ya muda alikwenda chumbani, akafungua mlango wa friji kwa ufunguo wake, akatia mkono ndani, akarudi. Mara ya nne hakufunga tena.

Yalipopakuliwa yalikuwa ya moto, yamevurugika kidogo, na yalikuwa na kaharufu ambako hakuna aliyekataja. Nikodemo alikula sahani tatu. Mzee Filemoni alikula mbili na kusema sala ndefu. Felista alikula moja, yote, akipangusa mchuzi kwa kiazi mpaka mwisho, na hakuna aliyeweza kusema uso wake ulikuwa na nini.

*

Jumapili mbuzi alichinjwa mapema. Wanaume walikaa uani wakisema ya ng'ombe, na Ghati alikuwa jikoni na moto wa kuni, moto mkubwa usio na aibu. Gogo jipya la mgunga lilikuwa limeegemezwa ukutani likikauka. Felista aliingia bila kuitwa, akakaa kwenye kinu.

Chungu kilichemka.

"Ile harufu ya jana," Felista alisema mwishowe. "Kwenye maharage."

Ghati aliendelea kukoroga. Alifikiria kusema ni jani fulani la kienyeji. Alichoka kabla hajaanza.

"Mafuta ya taa," alisema.

"Nilijua."

"Ulijua, na ukamaliza?"

"Nimeolewa na Nikodemo miaka ishirini na sita," alisema Felista. "Aliwahi kunitengenezea kinu cha kusaga kinachozungushwa na punda. Tulikula mtama wenye manyoya ya punda mwaka mzima."

Ghati alimtazama. Kisha akacheka, kwanza taratibu, halafu mpaka ikabidi aweke mwiko chini. Felista hakucheka kwa sauti, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Walipotulia walijifuta macho kwa pembe za kanga.

Kupitia mlangoni walimwona Nashoni amesimama mbele ya Nikodemo, akionyesha kwa mikono ukubwa wa kitu, akieleza jambo kuhusu utambi. Nikodemo alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Ng'ombe walikuwa wamesahauliwa kabisa.

"Na Esta," Felista aliuliza, sauti imeshuka, jicho bado liko nje kwa wanaume, "anajua kuliwasha lile sanduku?"

"Hajui. Baba yake hamruhusu kuligusa."

"Na majivu yako? Anajua kufukia?"

"Tangu ana miaka minane."

Felista aliitikia kwa kichwa, akasogeza kinu karibu na moto, akachukua kisu na kitunguu bila kuombwa, kama mtu aliye nyumbani kwa nduguye.

"Vizuri," alisema. "Basi lile lingine asijifunze."